Jicho Jekundu na Kiambishi a-: Kaida za Kutisha na Hadaa ya Hadhira katika Filamu, kwa Kurejelea Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kihistoria namna ambavyo filamu, hususani filamu fupi, hutumia kaida za utanzu wa kutisha ili kuyaelekeza matarajio ya hadhira upande usio sahihi. Mjadala unajikita Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako baadhi ya ishara zinazotegemewa na utanzu huo, kama vile macho mekundu ya bibi kizee na weupe wa ngozi, zimewahi kuwa sababu ya mauaji ya kweli. Hoja kuu ni kwamba katika mazingira hayo matarajio ya hadhira ni sehemu ya historia inayosimuliwa, na kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humpa msanii njia ya kuhadaa ambayo lugha nyingi za sinema hazina.

Utangulizi

Utanzu wa kutisha huishi kwa mkataba kati ya msanii na hadhira. Mlango ukifunguka wenyewe usiku, hadhira hujua kwamba kuna kitu nyuma yake. Mwanamke mzee akionekana peke yake kwenye kibanda cha pembezoni mwa kijiji, hadhira hujua kwamba si mzee wa kawaida. Filamu ndefu inaweza kuujenga mkataba huo polepole na hata kuuandika upya katikati ya safari. Filamu fupi haina nafasi hiyo. Msanii mwenye dakika 10 au 15 hulazimika kukopa kaida zilizokwisha kuwamo vichwani mwa watazamaji, na kwa kuwa amezikopa, anaweza pia kuzigeuza. Ndiyo maana hadaa ya matarajio imestawi zaidi katika filamu fupi kuliko katika ndefu: kaida hufanya kazi ya kusimulia, na mgeuko wa mwisho hufanya kazi ya kuhukumu.

Inafaa kutenganisha istilahi mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kuhadaa hadhira, kwa maana inayotumika hapa, ni kuipeleka katika njia isiyo ili baadaye iione njia na ijione yenyewe ilivyopotea. Kupotosha ni kuiacha hukohuko. Tofauti hii yaweza kuonekana ndogo kwa mtazamaji wa London au Chicago, ambaye akitoka ukumbini hamkuti mchawi barabarani. Kwa Kahama, Shinyanga Vijijini au Geita mambo ni mengine.

Marufuku ya hila

Historia ya hadaa katika filamu za Afrika Mashariki inaanza, kwa kinaya, na marufuku yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Notcutt na Latham. Mradi huo ulitengeneza filamu fupi kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba ya fedha, na kuzizungusha Tanganyika na katika makoloni ya jirani. Baadaye, hasa baada ya kuundwa kwa Kitengo cha Filamu cha Makoloni mwaka 1939, William Sellers na wenzake walijenga nadharia kamili: mtazamaji wa Kiafrika aonyeshwe mambo polepole, kwa mfuatano wa moja kwa moja, bila hila za kamera wala mikato ya ghafla. Kisa kilichopendwa kusimuliwa kuunga mkono nadharia hiyo ni kile cha watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa wakajibu kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile.

Kisa hicho kinastahili kusomwa upya. Sellers na wenzake walikiona kuwa ushahidi wa kutoelewa. Lakini jibu kama hilo laweza pia kuwa mzaha, na mtu aliyezoea ngano za majitu hawezi kudhaniwa kwamba hajui ukubwa wa kutia chumvi. Hadhira iliyokulia katika fasihi simulizi ya Usukuma ilikuwa tayari na mafunzo marefu ya kuhadaiwa, pengine marefu kuliko ya waliokuja kuifundisha kutazama.

Ngano ya Masala Kulangwa ni mfano bora. Shing'weng'we, dubwana la Usukuma, limemeza watu na mifugo yote; amesalia mwanamke mmoja mjamzito ambaye anamzaa mtoto mwerevu. Mtoto huyo anapokua anaenda kulitafuta dubwana, na kila mara anarudi na kiumbe mdogo, akiwa na hakika kwamba amelipata, na kila mara mama anamwambia kwamba bado. Kwa lugha ya nadharia ya filamu, huu ni mfululizo wa vilele vya uongo: taharuki inapandishwa, inashushwa, inapandishwa tena, na hadhira inafundishwa kwamba kitu cha kwanza kushukiwa huwa sicho. Kisha inakuja sehemu ambayo wasimulizi wa shuleni mara nyingi huiruka. Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la dubwana ili kuwatoa watu, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi huyo anakasirika na kutaka kumroga mkombozi wake, hadi mkombozi anapopata dawa ya kumtibu. Kwa hiyo dubwana likishakufa, hofu haifi. Inahamia kwa mwanamke mzee, naye ndiye aliyejeruhiwa. Ngano inayajua yote mawili na haifichi lolote.

Jicho jekundu

Katika sinema ya Magharibi jicho jekundu ni kazi ya mpambaji. Shinyanga lina historia ya misitu. Katika miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Waingereza uliongoza ufyekaji mkubwa wa vichaka ili kupambana na mbung'o, na kituo cha utafiti wa mbung'o kiliwekwa Shinyanga yenyewe. Kilimo cha pamba na wingi wa mifugo vilimalizia kazi hiyo, kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili kurudisha miti. Mahali pasipo kuni hupikwa kwa mabua na kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ni mzito, na mtu anayeketi juu yake kwa miaka 40 ni mwanamke. Macho yakawa mekundu. Wekundu ukawa ishara. Ishara ikawa hukumu.

Ukubwa wa hukumu hiyo unajulikana. Utafiti wa Simeon Mesaki, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ndiyo rejeo la msingi katika suala hili, unaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo vilitokea Usukuma. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuwapo muda wote huo. Nyuma ya tuhuma nyingi palikuwa na jambo la kawaida kabisa: shamba la marehemu mume, mifugo, ugomvi wa ukoo, mtoto aliyefariki. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika kesi hizi aliyemjua bibi ndiye aliyemlipa muuaji.

Hapa ndipo utanzu wa kutisha unapopata mzigo usiokuwapo kwingine. Msanii anayeanza filamu yake kwa picha ya karibu ya macho mekundu ya mwanamke mzee, akaipa muziki wa chini na giza, anarudia hoja ya mashtaka. Akimaliza kwa kuthibitisha kwamba kweli bibi alikuwa mchawi, ametoa hukumu ileile kwa mara nyingine. Akimaliza kwa kuonyesha kwamba mkono uliofanya uovu ulikuwa wa mpwa anayelitaka shamba, basi kila mtazamaji aliyemshuku bibi kwa dakika 10 anajikuta amekaa kitako pamoja na wapiga ramli. Hadaa ya aina hii haiwezi kufanikiwa bila ubaguzi wa mtazamaji mwenyewe.

Ulinganisho na sinema ya Marekani unasaidia. Katika filamu ya George Romero ya mwaka 1968, Night of the Living Dead, shujaa Mweusi ananusurika usiku mzima wa wafu wanaotembea, na asubuhi anapigwa risasi na kundi la wanamgambo wanaomdhania kuwa mmoja wao. Hadhira ilitazama mlango usiku kucha ikingoja wafu, hatari ikaja mchana kutoka kwa waokoaji. Mtazamaji wa Kahama hahitaji maelezo marefu kuhusu mwisho huo. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka katika eneo la Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilisifiwa kwa kuzima wizi wa ng'ombe, lakini katika baadhi ya vijiji liligeukia pia kuwasaka na kuwatenga wanawake waliodaiwa kuwa wachawi.

Mganga asiye jini

Katika filamu za Tanzania, mfano wa awali wa mgeuko wa kaida unapatikana katika filamu fupi Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ya mwaka 1985, yenye urefu wa dakika zisizofika 40. Mariamu anaugua ugonjwa usioeleweka, naye anamwogopa mganga wa jadi kwa sababu ya kumbukumbu ya utotoni. Filamu inaiazima hofu yake: kwa mbinu rejeshi, hadhira inaletwa ndani ya macho ya mtoto na kuuona uganga kama tishio. Kaida inataka mganga awe mlango wa maangamizi. Simulizi inakataa, na uponyaji unatoka palepale hofu ilipokuwa imeelekezwa. Si filamu ya kutisha kwa maana ya kibiashara, na wahakiki wengi wameisoma kama utetezi wa tiba ya jadi. Usomaji huo ni sahihi lakini unaiacha nje mbinu yake, kwa maana utetezi unafaulu kwa sababu tu hofu ilipewa nafasi kwanza. Mulvihill aliendelea na uwanja huo pamoja na Martin Mhando katika filamu ndefu Maangamizi ya mwaka 2001, ambamo Amandina Lihamba anaigiza mgonjwa wa hospitali ya akili anayetembelewa na mzimu wa kale. Humo pia kinachoonekana kuwa laana kinageuka kuwa kumbukumbu.

Filamu za video zilizoshamiri kuanzia miaka ya 2000 zilikwenda njia nyingine. Kazi za Mussa Banzi kama Nsyuka, ambayo jina lake limetoka Kinyakyusa, na Shumileta, yenye jini wa kike anayempenda mwanadamu, zilijenga utanzu wa kutisha wa Kiswahili kwa kuchanganya majini ya pwani, wafu wa bara na ufundi wa sinema za Nigeria na Marekani. Claudia Böhme, aliyezitafiti kwa kina, ameonyesha utajiri wa mchanganyiko huo. Kwa hoja ya makala haya, linalohitaji kutajwa ni moja tu: kwa sehemu kubwa filamu hizo huuheshimu mkataba. Jini ni jini. Ziliipa hadhira msamiati wa picha ambao watengenezaji wa filamu fupi wangeweza baadaye kuugeuza.

Katika miji ya machimbo msamiati huo ulifika kupitia vibanda vya video, na mara nyingi kupitia sauti ya mfasiri. Matthias Krings (2010) ameeleza sanaa ya wafasiri wa filamu nchini, akiwamo marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, wanaosimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili. Mfasiri hufasiri, hutania, hufundisha na huonya. Katika filamu ya kutisha kazi yake ina matokeo ya pekee: akimtaja muuaji kabla hajaonekana, anaihamisha taharuki kutoka swali la nani hadi swali la vipi. Akiamua kunyamaza, anakuwa mshirika wa hadaa. Hapo ndipo sarufi inapoingia.

Kiambishi kisichosema

Kiambishi nafsi a- hakitaji jinsia. Sentensi kama “Anakuja, amesimama mlangoni” haimwambii msikilizaji iwapo anayekuja ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Kwa kuwa wanyama nao huchukua upatanisho wa A-WA, haimwambii hata kama ni mtu au fisi, na fisi katika masimulizi ya Usukuma ndiye kipando cha mchawi. Kiingereza na Kifaransa haviruhusu ukimya huu kirahisi. Katika Psycho ya Hitchcock (1960) wahusika humtaja mama wa mwenye hoteli kwa kiwakilishi cha kike, na hivyo mazungumzo hayana budi kusema uongo. Mwandishi wa Kiswahili, akiliepuka neno mama, anaweza kunyamaza tu. Tofauti kati ya uongo na ukimya ni kubwa kimaadili. Hadhira iliyodanganywa inaweza kumlaumu msanii. Iliyonyamaziwa, ikaijaza nafasi ya a- kwa bibi kizee wa pembezoni, haina wa kumlaumu.

Noël Carroll (1990) anadai kwamba kiumbe wa kutisha huchukiza kwa kuwa huvuka mipaka ya kategoria za utamaduni: si hai wala si mfu, si mtu wala si mnyama. Kiswahili hukiandika kivuko hicho katika ngeli. Zimwi huja likila, au huja akila, msimulizi huchagua. Mtu akiwa jitu anahama na upatanisho wake. Msukule ana wingi wa misukule, kama miti na mikono, ingawa katika matumizi mengi bado hupewa a- na wa-, kana kwamba sarufi yenyewe haijaamua iwapo aliyechukuliwa bado ni mtu. Mwandishi wa filamu fupi anayemhamisha mhusika kutoka A-WA hadi LI-YA katika sentensi moja ameshamuua kabla ya panga kuonekana.

Huu haukuwa mchezo wa maneno peke yake katika ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, kisha ukafunguliwa upya kwa mtaji mkubwa mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Pembeni yake maelfu ya wachimbaji wadogo waliendelea kushuka mashimoni kwa nyundo, kamba na bahati. Bryceson, Jønsson na Sherrington (2010) wameonyesha uhusiano kati ya uchumi huo wa bahati, waganga waliouza dawa za mafanikio, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoongezeka kuanzia takriban mwaka 2007. Ripoti ya uchunguzi ya Vicky Ntetema kwa BBC mwaka 2008 iliuonyesha ulimwengu soko la viungo. Septemba 2009, Mahakama Kuu katika kikao chake cha Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Katika kipindi hichohicho mitaani lilienea neno dili. Mtu mwenye ualbino alipopita, wapo waliosema dili hilo. Neno zeruzeru, pamoja na ubaya wake, lilimwacha mtu katika upatanisho wa A-WA: zeruzeru yule, anapita. Dili lilimtoa. Dili linapita, dili limepotea, dili lina bei. Ndiyo maana istilahi mtu mwenye ualbino, inayosisitizwa sasa na wanaharakati na serikali, haipaswi kubezwa kuwa adabu ya ofisini: inamrudisha mhusika katika ngeli ya kwanza.

Filamu zilizofuata mauaji hayo zinaonyesha vizuri tofauti kati ya kuhadaa na kupotosha. Baadhi ya makala za televisheni za kigeni zilizitumia kaida zote bila kuzigeuza: usiku, ngoma, kibanda cha mganga, moshi. Mtazamaji alitoka akiamini kwamba ameonyeshwa mila ya kale, ilhali utafiti uliotajwa unaelekeza kwenye soko jipya lenye wateja, madalali na bei. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2013 na kutunukiwa tuzo ya filamu ya kwanza, ilifanya kinyume ingawa ni filamu ndefu. Katika kaida ya kutisha umbo jeupe gizani ni mzimu unaowinda. Hapa weupe ni wa Alias, kijana anayewindwa baada ya kushuhudia baba yake akiuawa. Mjomba anayempokea, Kosmos, anaigizwa na James Gayo, ambaye Watanzania wengi walimfahamu kwanza kama mchoraji wa Kingo. Uso uliozoeleka kwa vichekesho unawekwa ndani ya simulizi ambamo haijulikani nani atauza nani.

Ni rahisi kuona filamu fupi ingeweza kufanya nini na nyenzo hizi. Wachimbaji wawili wanazungumza mdomoni mwa shimo, usiku, juu ya dili. Limeonekana, lipo karibu, linatoka peke yake jioni, litaletwa. Kwa dakika sita mtazamaji anadhani wanazungumzia mwamba wenye dhahabu, au gari la magendo. Kisha mmoja anateleza ulimi, anasema anasoma darasa la nne. Kiambishi kimoja kinatosha, na hakihitaji damu wala muziki.

Ugumu wa mbinu hii unajitokeza filamu inapotafsiriwa. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo limekuwa likifanyika tangu miaka ya 1990, pamoja na matamasha ya nje, hudai maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Mfasiri wa maandishi hayo akifika kwenye a- ya mlangoni hulazimika kuchagua jinsia, na akichagua ameshatoboa siri au ameshasema uongo ambao mwandishi hakuusema. Akifika kwenye linatoka na anasoma, mpito wa ngeli unaweza kubebwa, lakini kwa maana ya kitu kugeuka mtu tu. Kumbukumbu ya neno lililosikika kituo cha basi Kahama haibebeki. Hadhira mbili zitaitazama filamu hiyohiyo. Moja itashtuka kwa sababu haikujua. Nyingine itashtuka kwa sababu neno lile ililitambua tangu dakika ya kwanza na ikaendelea kulisikia kama dhahabu.